Kutengeneza mchuzi usio na oksijeni kwa vijiumbe visivyostahimili hewa

Maji yaliyokenekwa, yakiachwa wazi kwenye nyuzi 25 usawa wa bahari, hubeba takribani miligramu 8.3 za oksijeni katika kila lita. Ukihesabu kwa moli, ni kama maikromoli 258. Kiasi hicho hakionekani wala hakinusiki, lakini kinatosha kuwazuia kabisa watengeneza methani wanaoishi kwenye mtambo wa bayogesi, kwenye tumbo la ng'ombe na kwenye tope la ziwa. Vijiumbe hivi ni arkea (kundi la vijiumbe lililo tofauti na bakteria), si bakteria hasa, ingawa maabara huvitunza kwa njia ileile inayotumika kwa bakteria wanaopumua salfeti na wengineo wasiopatana na hewa. Vimeng'enya vyao vimejaa vishada vya chuma na salfa ambavyo oksijeni huvivunja papo hapo, na wengi wao hawana kinga ya kutosha dhidi ya haidrojeni peroksaidi na sumu nyingine zinazozaliwa oksijeni inapoingia ndani ya seli. Haviwezi kuota vizuri mpaka mchuzi, yaani majimaji ya kuoteshea vijiumbe, ushuke hadi milivolti -300 hivi, au chini zaidi, kwa kipimo cha nguvu ya kuoksidisha.

Kufika huko kunawezekana hata kwenye maabara ya kawaida yenye mtungi wa gesi, jiko, chupa nzuri na vizibo vizuri. Msingi wa kazi uliwekwa na Robert Hungate wa Marekani, aliyeueleza mwaka 1950 alipokuwa akiotesha bakteria wanaosaga selulosi: chemsha mchuzi, upoze chini ya mkondo wa gesi isiyo na oksijeni, ziba bila kuruhusu hewa irudi. Mwaka 1976 Balch na Wolfe wakaongeza chupa na mirija yenye vizibo vinavyobanwa kwa alumini, vinavyohimili gesi yenye shinikizo. Karibu kila kinachofanyika leo ni mchanganyiko wa njia hizo mbili.

Palipo na mkanganyiko mkubwa ni kwenye kemikali. Wengi wanaoanza huamini kwamba sisteini (asidi amino yenye salfa) na salfaidi ndizo zinazoondoa oksijeni, basi wakiona mchuzi umekataa wanaongeza dozi. Sivyo. Oksijeni huondolewa na moto na gesi. Kemikali hufagia makombo tu, na kila mmumunyo una gesi yake na zamu yake ya kuingia. Ukilishika hilo, maelekezo mengi yanayoonekana kama mwiko wa kimaabara yanaanza kuwa na maana.

Hesabu inayoonyesha kwa nini dozi haiokoi

Kiwango cha kawaida cha sisteini haidrokloraidi (ile yenye molekuli moja ya maji) ni gramu 0.5 kwa lita, yaani milimoli 2.85. Molekuli nne za sisteini humeza molekuli moja ya oksijeni na kugeuka kuwa sisitini na maji. Kwa hiyo lita nzima ya mchuzi inaweza kumeza maikromoli 710 hivi za oksijeni. Usipochemsha maji, zile maikromoli 258 zilizoyeyuka zinakula zaidi ya theluthi ya sisteini kabla kazi haijaanza. Hata hivyo bado inaonekana akiba ipo.

Sasa tazama nafasi ya gesi iliyo juu ya mchuzi. Chukua chupa yenye ujazo kamili wa mL 125, ndani yake mchuzi mL 50, juu gesi mL 75. Sisteini yote iliyomo ni maikromoli 142, nayo inameza maikromoli 36 za oksijeni. Oksijeni hiyo imo ndani ya mL 4 tu za hewa ya kawaida. Maana yake, ukiacha mL 4 za hewa kati ya zile 75, sisteini yote imekwisha na hujapanda kitu. Na usiuamini ujazo ulioandikwa kwenye chupa: jaza maji mpaka mdomoni, yamwage kwenye silinda ya kupimia usome. Chupa nyingi zinazouzwa kama za mL 125 zina nafasi kubwa kuliko hiyo, na hesabu ya gesi inabadilika.

Bomba la sindano nalo ni mwizi. Sindano pamoja na shingo ya bomba vikibaki na mL 0.1 ya hewa, hiyo ni oksijeni karibu maikromoli 0.9. Ukiidunga ndani ya mrija wenye mchuzi mL 10, umepoteza asilimia 12 ya sisteini kwa mdungo mmoja. Ndiyo maana bomba huvutwa na kusukumwa mara tatu ndani ya naitrojeni safi kabla ya kuchukua chochote, na mdungo hufanyika mara moja baada ya hapo.

Gesi na mpira

Naitrojeni inayouzwa kwa ajili ya viwanda huweza kuwa na usafi wa asilimia 99.5. Inaonekana safi sana, mpaka uhesabu: kama asilimia 0.5 iliyobaki ni oksijeni, zile mL 75 za nafasi ya gesi zinabeba maikromoli 15 za oksijeni, nazo zinakula zaidi ya asilimia 40 ya sisteini ya chupa. Nunua gesi ya usafi wa asilimia 99.999 ukiweza kuimudu. Usipoweza, pitisha gesi kwenye bomba la kioo kinachohimili joto, lililojazwa vipande vya shaba na kuzungushiwa waya wa kupashia joto hadi nyuzi 350 hivi. Shaba huinyakua oksijeni na kuwa oksaidi nyeusi. Weusi unapotambaa na kupita nusu ya bomba, ni wakati wa kuifufua: sukuma hewa yote itoke kwa naitrojeni, kisha pitisha gesi yenye haidrojeni kidogo (asilimia 5 ndani ya naitrojeni inatosha) mpaka shaba irudie wekundu wake unaong'aa. Matone ya maji yatatokea upande wa kutokea. Ni dalili kwamba kazi inafanyika. Haidrojeni tupu kwenye bomba la moto lenye mabaki ya hewa ni mlipuko, kwa hiyo hatua ya naitrojeni hairukwi.

Chumba kiwe na hewa inayopita. Naitrojeni haina harufu, na ikijaa kwenye chumba kidogo kilichofungwa mtu huanguka bila kuhisi dalili yoyote.

Kuhusu muda wa kupuliza: gesi ikichanganyika vizuri ndani ya chupa, ujazo wa gesi unaolingana na mara saba ya nafasi iliyopo hubakiza elfu moja ya hewa ya awali. Kwa mL 75 na mkondo wa mL 500 kwa dakika, hiyo ni kama dakika moja. Kwa vitendo puliza dakika tano, kwa sababu kuna pembe ambazo mkondo haufiki na mchuzi wenyewe unaendelea kutoa oksijeni. Wenye pampu ya kuvuta hewa huvuta mpaka ibaki sehemu ya kumi ya shinikizo la hewa, hujaza gesi, kisha hurudia; kila mzunguko hupunguza oksijeni mara kumi. Mizunguko mitatu inashusha asilimia 21 hadi asilimia 0.02. Lakini usiuvute kwa pampu mchuzi ambao tayari una baikaboneti: hewa ukaa hutoka pamoja na oksijeni na pH inapanda.

Mpira wa silikoni hupitisha oksijeni kwa wingi. Ni laini, ni safi, unapendeza machoni, na ndio unaoharibu kazi kimyakimya, kwani gesi inatoka kwenye shaba ikiwa safi na kufika kwenye chupa ikiwa imechafuka. Tumia mabomba ya shaba au chuma kisichopata kutu, na palipo na ulazima wa mpira utumie mpira wa butaili, kwa kipande kifupi iwezekanavyo. Vizibo pia viwe vya butaili, vinene. Vikiwa vipya, vichemshe kwenye maji mara mbili tatu ukimwaga maji kila mara, maana baadhi hutoa kemikali zinazozuia vijiumbe kuota. Kizibo kilichodungwa mara nyingi mahali pamoja huvuja. Kibadilishe.

Mimumunyo ya akiba

Salfaidi ya sodiamu ndiyo inayotaka heshima kuliko yote. Fuwele zake (zenye molekuli tisa za maji, uzito wa moli 240.18) hupata ganda la manjano au jeupe lililokwisha kuoksidika. Chukua fuwele kubwa kwa kibanio cha plastiki, zisuuze haraka kwa maji mpaka zing'ae, zikaushe kwa karatasi ya kufyonza, ndipo upime. Gramu 12 ndani ya mL 250 za maji yaliyochemshwa na kupozwa chini ya naitrojeni hutoa mmumunyo wa moli 0.2 kwa lita. Gawa kwenye chupa nene zilizojazwa naitrojeni, ziba, bana, kisha tia kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye presha kinachoua vijiumbe) peke yake. Ukitunza gizani kwenye baridi, unakaa majuma mengi. Ukigeuka manjano umeanza kuoksidika. Utupe kwa utaratibu wa taka hatari, usiumwage kwenye sinki.

Gesi hapa ni naitrojeni tupu, kamwe si mchanganyiko wenye hewa ukaa. Hewa ukaa huutia mmumunyo tindikali, na salfaidi inapokutana na tindikali huondoka kama haidrojeni salfaidi. Kwa hiyo unapoteza kifyonza oksijeni na hapohapo unajaza chumba sumu. Haidrojeni salfaidi hunusika kama yai viza ikiwa kidogo sana, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia, na hicho ndicho kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo kwa papo. Kunyamaza kwa harufu si dalili ya usalama. Fanya kazi yote ndani ya kabati la kufyonza mivuke, vaa glavu na miwani kwa sababu mmumunyo wenyewe huunguza ngozi, na usichanganye moja kwa moja mmumunyo wa salfaidi na ule wa sisteini haidrokloraidi, ambao ni tindikali kali. Wanaotaka mmumunyo mmoja wa pamoja hupandisha kwanza sisteini hadi pH 10 kwa sodiamu haidroksaidi, ndipo huongeza salfaidi.

Sisteini ni rahisi zaidi: ipime ikiwa unga, uitie kwenye mchuzi baada ya kuchemsha. Ukitaka kuitunza ikiwa mmumunyo, iache na tindikali yake chini ya naitrojeni. Ikisawazishwa hadi pH 7 huoksidika upesi, hasa kukiwa na chembe za shaba au chuma. Chembechembe nyeupe zinazotua chini ni sisitini, isiyoyeyuka kirahisi. Mmumunyo wenye mashapo hayo umeshachoka, hata kama juu unaonekana safi.

Baikaboneti ya sodiamu ina kanuni iliyo kinyume cha salfaidi. Gramu 84 kwa lita ni moli moja kamili kwa lita, karibu na ukomo wa kuyeyuka. Ukiichemsha wazi au kuipulizia naitrojeni, hewa ukaa inatoroka, baikaboneti inageuka kaboneti na pH inapaa. Basi ipulizie hewa ukaa, iliyo tupu au yenye naitrojeni asilimia 80, ndani ya chupa iliyofungwa, kisha otoklevu, au ichuje kwa kichujio cha maikromita 0.2.

Vitamini haziendi otoklevu. Mmumunyo unaotumika sana, wa akina Wolin, una kwa kila lita miligramu 2 za biotini, 2 za asidi foliki, 10 za piridoksini, 5 za thiamini, 5 za riboflavini, 5 za asidi nikotiniki, 5 za pantotheneti ya kalsiamu, 0.1 ya vitamini B12, 5 za asidi ya para-aminobenzoiki na 5 za asidi lipoiki. Puliza naitrojeni ndani ya mmumunyo kwa dakika 20, kisha usukume kwa bomba la sindano kupitia kichujio mpaka ndani ya chupa iliyokwisha kusafishwa kwa otoklevu, kuzibwa na kujazwa naitrojeni, huku sindano ya pili ikitoa gesi inayosukumwa. Ifunike kwa karatasi ya alumini: riboflavini huharibiwa na mwanga.

Kalsiamu na magnesiamu hutengwa pia. Zikichemka pamoja na fosfeti na baikaboneti hutua kama unga mweupe na kubeba fosfeti chini. Yeyusha gramu 15 za kalsiamu kloraidi (yenye maji mawili) na gramu 40 za magnesiamu kloraidi (yenye maji sita) kwa lita moja, chini ya naitrojeni, na uziingize mwisho. Madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno, yaani chuma, nikeli, kobalti, zinki, manganizi, molibdenamu na wenzake, huyeyushwa kwenye tindikali kidogo ili chuma kisitue. Usidharau nikeli: watengeneza methani wanaihitaji ili kujenga F430, kiini cha kimeng'enya kinachotoa methani, na mchuzi usio nayo huota kidogo kisha ukasimama bila sababu ya wazi.

Lita moja, hatua kwa hatua

Tuseme unataka chupa 20 za mchuzi wa maji baridi. Ndani ya chupa ya duara ya lita 2 weka maji yaliyokenekwa mL 940, uweke alama ya kimo chake. Yeyusha sodiamu kloraidi gramu 1.0, potasiamu kloraidi 0.5, potasiamu dihaidrojeni fosfeti 0.2 na amonia kloraidi 0.25. Kwa wala-asetati ongeza gramu 2.72 za sodiamu asetati yenye maji matatu, sawa na milimoli 20. Tia madini ya kiasi kidogo mL 1, na mL 1 ya rezazurini (rangi inayoonyesha kama oksijeni bado imo) yenye gramu 1 kwa lita. Mchuzi utakuwa wa samawati.

Chemsha mpaka utokote kwa nguvu, uuache hivyo dakika 10. Kinachoondoa oksijeni si joto peke yake bali mapovu ya mvuke yanayopita kila upande. Maji ya moto yaliyotulia bado yana oksijeni. Kwa hiyo Nairobi, ambako maji hutokota kwenye nyuzi 94 au 95, njia hii inafanya kazi vilevile. Kabla ya kuzima moto, shusha ndani ya shingo ya chupa bomba linalotoa naitrojeni asilimia 80 na hewa ukaa asilimia 20. Hili ndilo jambo la kuzingatia: gesi iwe imeshafika kabla mvuke haujakoma, la sivyo mchuzi unapopoa huvuta hewa ndani. Fidia maji yaliyopotea kwa maji mengine yaliyochemshwa, mpaka kwenye alama.

Mchuzi ukipoa kiasi cha kushikika, tia sisteini gramu 0.5 na baikaboneti mL 30. Povu litatoka, ni hewa ukaa. Sasa zamisha bomba la gesi ndani ya mchuzi na upulize kwa dakika 20 hadi 30 huku ukitazama rangi, iliyogeuka kutoka samawati kuwa waridi, ikififia. Pima pH kwa sampuli ndogo iliyotolewa papo hapo. Inapaswa kuwa karibu 7.0, na sababu inahesabika: milimoli 30 za baikaboneti chini ya hewa ukaa asilimia 20, ambayo kwenye nyuzi 25 huyeyuka kufikia milimoli 7 hivi, hutoa pH ya 6.35 kuongeza logi ya 4.4. Ukikosea ukatumia naitrojeni tupu, pH itapita 8 na mashapo yatatokea. Ukitumia hewa ukaa tupu itashuka hadi karibu 6.3.

Gawa mL 48.6 kwenye kila chupa, huku sindano ndefu yenye gesi ikiwa imetangulia ndani ya chupa. Endelea kupuliza, kisha tia kizibo huku ukichomoa sindano kwa mkono mwingine, katika mwendo mmoja. Bana alumini.

Otoklevu nyuzi 121, dakika 20. Hapa kioo chembamba hupasuka. Gesi iliyofungwa kwenye nyuzi 25, pamoja na mvuke, hufikia jumla ya angahewa 3.3 hivi ndani ya chupa wakati nje kuna angahewa 2. Otoklevu ikifunguliwa haraka, nje inabaki 1 na tofauti inapita 2. Tumia chupa nene zisizo na mikwaruzo, ziweke ndani ya kikapu cha waya, acha presha ishuke yenyewe, na usifungue kabla ya nyuzi 60. Ukiwa nyanda za juu usifuate mshale wa presha pekee: mahali penye shinikizo la hewa la baa 0.83, mshale unaosoma baa 1.03 unamaanisha nyuzi 118 tu. Fuata kipimajoto.

Chupa zikipoa kabisa, ingiza kwa bomba safi mL 0.5 ya kalsiamu na magnesiamu, mL 0.5 ya vitamini, na mwishowe mL 0.25 ya salfaidi, ambayo inatoa milimoli 1 kwa lita. Salfaidi huja mwisho kwa sababu kwenye pH 7 karibu nusu yake ni gesi: ukiitia kabla ya kupuliza, utaipuliza nje na pH itapanda. Mchuzi utapata kivuli cheusi kidogo. Ni salfaidi ya chuma, haina madhara. Acha chupa zikae usiku mzima kabla ya kupanda.

Kwa wala-haidrojeni, nafasi ya gesi hubadilishwa iwe haidrojeni asilimia 80 na hewa ukaa 20, kwa shinikizo la ziada la baa 1 hadi 2, na chupa hulazwa na kutikiswa kwa sababu haidrojeni haiyeyuki kirahisi. Kazi hii haifanywi karibu na moto wala kwenye chupa yenye ufa.

Rangi inasema nini, na haisemi nini

Rezazurini ya samawati hugeuka waridi, na mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Waridi hugeuka kutokuwa na rangi, na hapo huweza kurudi oksijeni ikiingia. Rangi hutoweka kabisa kwenye milivolti -110 hivi. Mchuzi wa waridi haufai, hilo ni hakika. Lakini mchuzi usio na rangi unasema tu kwamba umepita -110; hausemi kwamba umefika -300. Sisteini pekee hukupeleka karibu na -210, salfaidi huongeza mpaka karibu -270, na vijiumbe vikishaanza kukua huishusha zaidi vyenyewe. Kwa walio wagumu kabisa kuna titaniamu(III) sitreti, inayofika kama -480, ila baadhi ya vijiumbe haviipendi.

Namna rangi inavyorudi ndiyo inayoonyesha tatizo lilipo. Waridi likianza juu, kama pete chini ya kizibo, hewa inapita kwenye kizibo. Likitokea mara moja baada ya mdungo, hewa ilikuwa kwenye sindano, au mmumunyo uliodungwa haukuondolewa oksijeni. Chupa zote zikirudi waridi pamoja baada ya siku mbili, shuku gesi au bomba la silikoni. Waridi jepesi mchuzi ukiwa bado wa moto, linalofifia ukipoa, liache. Kabla ya kuongeza salfaidi ya pili ili kuokoa chupa, kumbuka kwamba salfaidi nyingi ni sumu kwa watengeneza methani wenyewe. Chupa iliyorudi waridi mara mbili inatupwa.

Kuna pia mchuzi usio na rangi, wenye pH sahihi, ambao bado hauoteshi kitu. Angalia vizibo vipya visivyochemshwa. Angalia kama fosfeti na agari (kigandishio cha mchuzi) vilichemshwa pamoja kwenye otoklevu: vikipikwa hivyo hutoa haidrojeni peroksaidi, kwa hiyo vipikwe mbalimbali na kukutanishwa baadaye. Angalia sahani za plastiki. Plastiki imenyonya oksijeni, na inatakiwa ikae ndani ya sanduku lisilo na hewa angalau siku moja kabla ya kumiminiwa. Mtungi wenye mshumaa hausaidii kabisa, maana mshumaa huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imo. Na weka siku zote chupa mbili za kulinganishia: moja isiyopandwa kitu, na moja iliyopandwa kijiumbe unachojua kinaota.

Si kila kazi inadai haya yote. Anayepima ni gesi kiasi gani itatoka kwenye samadi au maganda ya ndizi, akitumia tope bichi la mtambo wa bayogesi kama mbegu, anahitaji tu kupuliza naitrojeni dakika mbili na kuziba vizuri. Ndani ya tope hilo kuna bakteria wengi wanaoweza kuishi na oksijeni, na wataila yote iliyobaki ndani ya muda mfupi. Utaratibu mkali unahitajika unapotaka kutenga aina moja, au mbegu yako inapokuwa chache.

Na kwa tope la maziwa ya magadi kanuni za gesi zinageuka. Ziwa Magadi la Kenya limetoa vijiumbe kama Natroniella acetigena na Desulfonatronovibrio hydrogenovorans, vinavyotaka pH ya 9 hadi 10 kwenye mchuzi uliojaa kaboneti. Hapo hewa ukaa haitumiki hata kidogo, kwa sababu itaishusha pH. Gesi ni naitrojeni tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Salfaidi haitoroki, maana kwenye pH 10 karibu yote iko katika umbo lisilo gesi, lakini amonia ndiyo inayotoroka sasa, kwa hiyo amonia kloraidi inaingizwa baada ya kuziba. Kaboneti hutiwa otoklevu mbali na chumvi nyingine, na kalsiamu na magnesiamu hupunguzwa sana, kwani kwenye mchuzi huo hutua mara tu zinapoguswa na kaboneti.